Mbona Haitoki Kama Kwenye Onyesho? Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Ukerezaji wa Mbao

Anayehudhuria maonyesho ya klabu ya wakerezaji, yaani mafundi wanaochonga mbao inayozungushwa na mashine, huona mkono wa fundi ukitembea taratibu juu ya kiegemeo (kile chuma cha kulazia patasi), maranda yakitoka kwa mikanda mirefu, na bakuli likipata umbo huku watu wanatazama. Akirudi kwenye mashine yake na kujaribu kuuiga mkono ule, patasi hunasa, uso wa mbao huchanika, au kipande chote huanza kutetema, naye hukata shauri kwamba mkono wake bado mzito. Mara nyingi shauri hilo si sahihi. Sehemu kubwa ya kilichoifanya kazi ya mwonyeshaji itoke safi ilikwisha kufanyika kabla watazamaji hawajaketi: patasi zilinolewa, kipande cha mbao kilichaguliwa na kukaguliwa, kasi ilipangwa, na kiegemeo kiliwekwa kwenye kimo kinachomfaa yeye. Mwongozo huu unafuata dalili zinazoulizwa zaidi baada ya maonyesho kama hayo, na kwa kila dalili unarudi nyuma kutafuta chanzo.

Kabla ya kuulaumu mkono

Utaratibu wa uchunguzi ni ule ule kwa takriban kila tatizo. Kagua kwanza makali, kisha jinsi kipande kilivyofungwa, kisha kasi, kisha kimo na umbali wa kiegemeo, na mwisho kabisa namna unavyoishika patasi. Makali yanatangulia kwa sababu makali butu hujificha nyuma ya dalili za mambo mengine. Yanaweza kuonekana kama mtetemo, kama nyuzi zilizochanika au kama patasi iliyonasa, kwa kuwa anayetumia patasi butu hulazimika kusukuma, na kusukuma ndiko kunakozaa hayo mengine yote. Badilisha jambo moja tu, kata tena, kisha tazama. Anayenoa, akapunguza kasi na kuinua kiegemeo kwa mara moja anaweza kuiondoa hitilafu, lakini hatajua ni lipi kati ya hayo matatu lililoiondoa, na siku itakaporudi ataanza upya.

Uchunguzi wenyewe ufanyike mashine ikiwa imezimwa. Kiegemeo hakisogezwi wakati mbao inazunguka, na kila kinaposogezwa kipande kizungushwe kwa mkono duru nzima kabla ya kuwasha, ili kuhakikisha kwamba hakuna kona inayogonga chuma. Ngao ya uso huvaliwa hata kwa jaribio dogo la kutazama tu, na yeyote anayesimama karibu akae pembeni, nje ya mstari ambao kipande kingerukia kama kingeng'oka.

Patasi inanasa na kuchimba ghafla

Aliyewahi kupatwa na jambo hili hahitaji kuelezwa: mshindo mkali, mpini unatikiswa mkononi, na kwenye mbao linabaki jeraha refu lililojipinda kuzunguka kipande. Ingawa hujitokeza kwa sura nyingi, chanzo chake ni kimoja. Sehemu ya makali imegusa mbao ilhali hapakuwa na kitu cha kuiegemeza, na mbao inayoshuka kwa kasi ikaivuta chini na ndani kwa nguvu kuliko mkono ulivyoweza kuizuia.

Kwa hiyo jambo la kwanza kukagua ni mpangilio wa kugusa. Patasi hulazwa kwanza juu ya kiegemeo. Kisha kisigino cha mteremko wa makali, yaani ile sehemu ya nyuma ya mteremko ulionolewa, hugusishwa kwenye mbao inayozunguka bila kukata chochote. Ndipo mpini unapoinuliwa kidogo kidogo mpaka maranda membamba ya kwanza yatokee. Katika onyesho hatua hizi tatu hupita upesi kiasi kwamba mtazamaji huziona kama tendo moja, na aliyeketi nyuma haoni kabisa kwamba mpini ulianza ukiwa chini. Mwanafunzi huiga kile alichokiona, naye huanza na makali.

Ikiwa mpangilio huo unafuatwa na bado patasi inanasa, tazama jeraha lilipoanzia. Likianzia kwenye ukingo wa bakuli, pale bobari (patasi yenye mfereji) lilipoingia tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mfereji wa bobari ulikuwa umetazama juu. Wakati wa kuingia hakuna uso uliokwisha kukatwa ambao mteremko ungeuegemea, hivyo mfereji unapaswa kulazwa upande, ukitazama kule bobari linakoelekea, na kufunguliwa kidogo tu baada ya mteremko kupata njia ya kuifuata. Kwa upande wa ndani wa bakuli tatizo huwa jingine kidogo, maana bobari huteleza kuelekea nje na kuukwaruza ukingo uliokwisha kumalizika. Hapo inasaidia kuchora kwanza mtaro mwembamba kwa ncha ya patasi ya kukatia. Ukuta mdogo wa mtaro huo unatosha kuyazuia makali katika ule mguso wa kwanza.

Likianzia kwenye mpini au mguu wa meza unaolainishwa kwa patasi bapa yenye makali ya mshazari, sababu karibu kila mara ni kwamba mahali pa kukatia palipanda kuelekea ncha ndefu. Patasi hii ikate kwa eneo lililo kati ya katikati ya makali na ncha fupi. Ili kuliona jambo hili bila hatari, zima mashine, weka patasi mahali pake, kisha mwenzako azungushe mbao polepole kwa mkono huku wewe ukiinua mpini. Utaona unyuzi mwembamba wa mbao ukiinuka kutoka sehemu moja tu ya makali, pana kama nafaka, na ukiizungusha patasi kidogo utaona unyuzi huo ukihama kwenda juu au chini. Zoezi hilo hufundisha mengi kuliko kulainisha miguu ya meza kwa kubahatisha, nami sijui kwa nini maonyesho mengi hayaanzi nalo.

Kikwangulio, yaani patasi ya kukwangua, kina kanuni yake, kwa kuwa chenyewe hakiegemei mteremko. Mpini wake uwe juu kuliko makali, ili makali yaelekee chini kidogo na mbao iyapite badala ya kuyapanda. Kimo nacho kina maana: kwa upande wa nje wa bakuli makali yawe kwenye kimo cha kitovu au chini yake kidogo, na kwa upande wa ndani yawe kwenye kimo cha kitovu au juu yake kidogo. Katika hali zote mbili, makali yakivutwa chini yanaangukia mahali penye nafasi. Ukibadilisha mpango huo yanaangukia ndani ya mbao.

Kuna sababu moja ambayo haihusiani na ustadi hata kidogo. Bobari pana la kubambulia, linalotumika kuufanya mti wa pembe nne uwe mviringo, haliruhusiwi kwenye bakuli. Mkia wake unaoingia ndani ya mpini ni mwembamba kuliko mwili wake, na kwenye bakuli, ambako ncha za nyuzi huyapiga makali mara mbili katika kila duru, mkia huo unaweza kuvunjika na chuma kikaruka. Aliyemwona fundi akilitumia bobari hilo kwenye mguu wa meza asidhani kwamba linafaa pia kwa mbao iliyofungwa kwa kukingamisha nyuzi.

Mwisho kagua kiegemeo. Kikiwa mbali na mbao, makali yananing'inia na nguvu ya kuyavuta chini huongezeka, kwa hiyo kisogezwe kila umbo linapopungua, nafasi isizidi sana upana wa kidole. Pitisha pia ukucha juu ya ukingo wake: vijishimo vilivyoachwa na patasi zilizonasa zamani huikwamisha patasi inapoteleza, kisha huiachia kwa kishindo. Tupa laini huviondoa kwa muda mfupi.

Klabu zenye waonyeshaji wavumilivu hufanya vyema kuomba sehemu ya onyesho itumike kunasisha patasi makusudi, kwenye kipande cha bure, kwa kasi ndogo, na mwonyeshaji ataje mapema mahali itakaponasa. Bakuli lililokamilika hupendeza kulitazama, lakini halionyeshi mpaka uko wapi.

Uso umechanika, nao ni mbaya mahali pawili tu

Bakuli kwa kawaida hukerezwa kutoka kipande ambacho nyuzi zake zimelala kukingama na mhimili wa mashine. Katika kila duru, makali hukutana na nyuzi zinazokubali kukatwa, kisha na zinazoinuka, kisha tena na zinazokubali, kisha na zinazoinuka. Ndiyo maana sehemu zilizochanika huwa mbili, zikitazamana, moja kila upande wa bakuli. Ukiziona hivyo, chanzo ni mkutano wa makali na mwelekeo wa nyuzi. Ukiuona ukwaruzaji ulioenea sawasawa kuzunguka uso wote, basi ni makali butu au kikwangulio kinachokokotwa kwa nguvu. Ili kutofautisha, zima mashine, ulaze mwanga wa taa ubavuni mwa bakuli, na upitishe ncha ya kidole kwanza upande mmoja kisha upande wa pili. Nyuzi zilizochanika hushika ngozi unapokwenda upande mmoja na kulala unapokwenda upande mwingine.

Dawa ya kwanza ni kunoa, hata kama ulinoa si muda mrefu uliopita. Ya pili ni kukata kwa mwelekeo unaofaa. Kwenye mbao iliyofungwa kwa urefu wa nyuzi, kata kutoka penye kipenyo kikubwa kuelekea penye kipenyo kidogo. Kwenye bakuli la nyuzi zilizokingama, upande wa nje kata kutoka kitako kuelekea ukingoni, na upande wa ndani kata kutoka ukingoni kuelekea chini. Kanuni hizi mbili huonekana kupingana mpaka utakapotambua kwamba lengo ni moja, yaani kila unyuzi unaokatwa uwe umeegemea nyuzi nyingine zilizo chini yake. Ya tatu ni kupunguza unene wa maranda katika mapitio ya mwisho, na ya nne ni kuyaweka makali yakiwa yameinamishwa kiasi cha nyuzi arobaini na tano, maana pembe hiyo huyafanya yakate kwa kuteleza badala ya kukata kwa kugonga. Neno nyuzi lisichanganye hapo: pembe hiyo ni nusu ya pembe mraba.

Zikibaki sehemu zenye kichwa ngumu, ziloweshe kwa maji kidogo, subiri yanywewe, kisha upitishe bobari lililonolewa upya mara moja tu. Kwenye mbao kavu na laini, vanishi ya kuzibia iliyozimuliwa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa sababu hushikamanisha nyuzi kabla hazijakatwa. Usijaribu kuumaliza uchanikaji kwa msasa. Msasa hula haraka zaidi pale mbao ilipo laini, na kabla machaniko hayajaisha bakuli litakuwa limekwisha kupoteza mviringo.

Jambo moja zaidi linaeleza kwa nini kazi ya onyesho huwa laini kiasi kile. Waonyeshaji wengi hutumia mbao mbichi, iliyokatwa karibuni, ambayo hukatika kwa wepesi na kutoa mikanda mirefu yenye unyevu bila vumbi. Anayekwenda nyumbani na kufunga kipande kikavu cha mti mgumu anafanya kazi nyingine, hata kama umbo ni lile lile. Muulize mwonyeshaji hali ya mbao yake kabla hujalinganisha matokeo.

Michirizi iliyojisokota, na mlio wa filimbi

Mti mrefu na mwembamba unaposukumwa na patasi hupinda, kisha hurudi, na kila unaporudi huacha alama. Alama hizo hujipanga kama hesi za skrubu kuzunguka sehemu ya katikati, mbali na ncha zote mbili. Tatizo huanza kuonekana waziwazi urefu unapozidi kiasi cha mara kumi hadi kumi na tano ya kipenyo. Lakini kabla ya kuulaumu wembamba, legeza kidogo mkia wa mashine, yaani sehemu inayobana ncha ya pili ya mti, kwa maana fundi anayeukaza sana huubinya mti mpaka unapinda hata kabla ya kuguswa. Kisha punguza shinikizo la mteremko kwenye mbao; mteremko unapaswa kuteleza, usibonyeze. Hilo lisipotosha, zungusha vidole vya mkono wa kushoto nyuma ya mti, huku kidole gumba kikibaki juu ya patasi, na uutegemeze kwa wepesi ule ule ambao patasi inausukuma. Vidole vikipata joto kali, maana yake ni kwamba unasukuma kupita kiasi. Mti mwembamba zaidi ya hapo unahitaji tegemeo la magurudumu.

Kwenye bakuli dalili hiyo huja kwa sauti. Ukuta unapopungua unene, mlio wa kukata hupanda na kugeuka kuwa filimbi, na ukingo huanza kuchezacheza. Hapo mara nyingi kosa lilitendeka mapema, kwa kuitoa mbao yote ya katikati na kuacha ukuta mwembamba bila kitu cha kuushikilia. Kata ukuta kwa hatua: maliza sehemu ya juu ya ndani mpaka unene unaoutaka huku bonge la katikati likiwa bado lipo, shuka hatua inayofuata, na usirudi tena ukingoni. Mbao iliyokwisha kupunguzwa hubadilika umbo ndani ya dakika chache, hasa ikiwa mbichi, na bobari litakalorudi litakata upande mmoja na kuukosa mwingine.

Aina ya tatu ya alama ni vilima na mabonde yanayofuata sehemu ngumu na laini za mbao. Mteremko unaobonyezwa hupanda ugumu na kuzama kwenye ulaini, na kila duru huzidisha tofauti hiyo. Punguza shinikizo, na ikiwezekana saga kisigino cha bobari ili mteremko unaogusa uwe mfupi.

Mashine nzima inatikisika

Hapa usianze na patasi, kwa sababu haijagusa kitu. Zima, kagua nati zote za kufungia kichwa (sehemu inayozungusha mbao), mkia na kiegemeo, kisha utazame kama miguu ya mashine inakaa sawasawa sakafuni. Kwa mashine nyepesi, mifuko ya mchanga iliyowekwa kwenye fremu ya chini huleta nafuu kubwa.

Sababu ya kawaida zaidi ni kasi isiyolingana na kipenyo. Wakerezaji hutumia kanuni hii: kipenyo kwa inchi kikizidishwa kwa mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 10, ambalo ni takriban milimita 254, huzungushwa basi kati ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika. Kiwango hicho ni cha kipande kilichokwisha kuwa mviringo na chenye uzito uliosawazika. Bonge lisilo na umbo, lenye gome upande mmoja na moyo wa mti upande mwingine, huanzia chini zaidi, na kasi huongezwa kadiri linavyosawazika. Mashine inaweza kutikisika kwenye kasi moja na kutulia kwenye kasi iliyo karibu nayo. Ukikuta hivyo, chagua kasi tulivu iliyo chini ya ile inayotikisa.

Mtikisiko usioondoka hata mashine ikizunguka tupu, bila mbao, unatoka kwenye beringi, mkanda au puli. Shika mhimili kwa mkono mashine ikiwa imezimwa na ujaribu kuuchezesha juu na chini: ukicheza, beringi zimechakaa au zimelegea.

Kishikio kinaachia, au kipande kinayumba kikifungwa upya

Taya za kishikio hushika ulimi uliochongwa chini ya kipande, na ushikaji huo una masharti yasiyoonekana kwa mbali. Mabega ya kipande, yaani uso bapa unaouzunguka ulimi, yanapaswa kukaa juu ya taya bila mwanya, huku ncha ya ulimi ikiwa haijafika chini ya kishikio. Ulimi mrefu mno hugota chini, mabega yakabaki hewani, na bakuli zima likashikiliwa na ncha za taya peke yake. Kosa hili ni la kawaida mno, na hugunduliwa kwa kuingiza kipande cha karatasi kati ya bega na taya: karatasi ikipita, fupisha ulimi. Ubavu wa ulimi uwe na mwinamo sawa na wa taya, na kipenyo chake kikaribie kile ambacho taya zinafanya duara kamili, kwa sababu taya zilizofunguka sana hushika kwa kona nane tu. Kwa bakuli, ulimi wenye kipenyo cha karibu theluthi moja ya bakuli hutosha.

Ulimi uliovunjika uchunguzwe ulivyokatika. Ukikatika kwa kufuata nyuzi, huenda ulichongwa kwenye mbao laini ya nje ya mti au iliyoanza kuoza. Ukiwa umepondeka, kishikio kilikazwa mno.

Kipande kilichokuwa kikizunguka sawasawa jana na leo kinayumba, kwanza kisafishwe: randa moja lililobanwa kwenye taya au kwenye hesi za mhimili linatosha kukipotosha. Kama ni kisafi, mbao yenyewe imesogea kwa kukauka, na ulimi uliokuwa mviringo sasa ni yai. Kifunge kati ya ncha mbili za mashine, ukereze ulimi upya, kisha ukirudishe kwenye kishikio.

Bakuli limepasuka baada ya kumalizika

Mbao mbichi ina maji ndani ya matundu yake na maji mengine ndani ya kuta za nyuzi. Kusinyaa huanza pale unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, na mbao husinyaa kwa kufuata duara za mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya bakuli kuwa yai, na isipopata nafasi ya kujipinda, hupasua. Bakuli lenye moyo wa mti ndani yake halina nafasi hiyo, kwa hiyo nyufa zinazotoka kwenye moyo zisikushangaze. Gogo lilipaswa kupasuliwa na moyo kuondolewa kabla ya kufungwa.

Kwa bakuli lisilo na moyo, chanzo ni kukauka upesi mno au kuta zisizo na unene sawa. Njia iliyozoeleka ni kulikereza mara mbili: mara ya kwanza kwa unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo, kwa mfano milimita 30 kwa bakuli la milimita 300, kisha kupaka nta sehemu zenye ncha za nyuzi, ambako maji hutoka haraka zaidi, na kuliweka ndani ya mfuko wa karatasi mahali pasipo na upepo wala jua. Lipime uzito kila baada ya muda. Uzito ukiacha kushuka, bakuli liko tayari kwa mara ya pili.

Bakuli lenye ufa halirudishwi kwenye mashine kwa kasi ya kawaida kwa matumaini kwamba litavumilia. Ufa mdogo, usiofika ukingoni, unaweza kuzibwa kwa gundi ya haraka iliyo nyepesi, mbao ikiwa kavu. Ikiwa mbichi, itaendelea kusogea na ufa utafunguka pembeni mwa gundi.

Makali yanaisha haraka

Yatazame makali chini ya taa, ukiyaelekeza machoni. Makali yaliyonoleka hayaonekani. Yaliyo butu hurudisha mwanga kama mstari mweupe. Kama mstari huo unaonekana mara tu baada ya kunoa, gurudumu la kunolea halikufika kwenye makali, bali liliishia katikati ya mteremko. Paka mteremko wino wa kalamu nene, zungusha gurudumu kwa mkono, na uone wino ulipofutika; rekebisha pembe mpaka ufutike kutoka kisigino hadi ncha. Kishikizo cha kunolea hulinda pembe isibadilike kila mara, na klabu yenye kishikizo kimoja cha pamoja huwasaidia wanachama wake kuliko yenye mashine tatu.

Pembe nayo hutofautiana kwa kazi. Bobari la kubambulia hunolewa kwa karibu nyuzi 45, bobari la mipini kati ya 30 na 40, bobari la bakuli kati ya 40 na 60, na kikwangulio kati ya 70 na 80. Bobari la bakuli lenye pembe kali mno haliwezi kufuata kona ya ndani inayokwenda kitakoni, kwa sababu mpini hugonga ukingo kabla mteremko haujaegemea. Wanaokereza mabakuli ya kina kirefu huwa na bobari la pili lenye pembe butu zaidi kwa kazi hiyo moja.

Chuma kikigeuka bluu wakati wa kunoa, tambua kwanza ni cha aina gani. Chuma cha kawaida chenye kaboni kimepoteza ugumu mahali hapo na ni lazima kisagwe mpaka rangi iishe. Chuma cha kasi kubwa, ambacho ndicho patasi nyingi za sasa hutengenezwa, hakiathiriki na joto hilo, na kukitumbukiza ghafla ndani ya maji ndiko kunakoweza kukitia nyufa ndogo. Mbao nazo hazilingani: mtiki una chembe za silika, mvule una mawe madogo ya chokaa ndani yake, na zote mbili humaliza makali hata ya patasi nzuri.

Mikwaruzo ya msasa na mafuta yasiyokauka

Duara za mikwaruzo zinazojitokeza baada ya kupaka mafuta ni za msasa wa kwanza, wala si wa mwisho. Msasa wa namba 120 ulirukwa kwenda 320, na huu wa pili hauna uwezo wa kuyafikia mabonde ya ule wa kwanza. Pitia 120, 180, 240, kisha 320, ukifuta vumbi kila unapobadilisha, na kabla ya kuhama namba zima mashine na usugue kwa mkono kwa kufuata nyuzi. Mashine izunguke polepole. Msasa unaounguza vidole huunguza pia mbao, na nyufa ndogo ndogo kwenye ncha za nyuzi mara nyingi hutokana na joto hilo. Vaa barakoa ya vumbi wakati wote huo: tangu mwaka 1995 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeliorodhesha vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Mafuta yanayobaki yananata siku nyingi juu ya mpingo au mtiki yanazuiwa na mafuta ya asili ya mbao yenyewe. Futa uso kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka, au utumie nta au vanishi inayokauka kwa kuvukiza kiyeyushi. Juu ya mbao nyingine, kunata humaanisha kwamba yamepakwa mengi mno, na yanayozidi yafutwe kabla hayajaanza kuganda. Yafutwe kwa karatasi laini, kamwe si kwa kitambaa, kwa kuwa kitambaa kikinaswa na mbao inayozunguka hukivuta kidole pamoja nacho, ilhali karatasi huchanika. Karatasi zilizolowa mafuta ya kitani hujipasha joto zinapokauka zikiwa zimekunjwamana, na zinaweza kushika moto zenyewe. Zitandazwe moja moja nje mpaka zikauke, au zitiwe ndani ya chombo cha chuma chenye maji na kufunikwa.